Duara Lililokataa Kufunga

Majirani zangu wa Majengo walikiita kitanda cha mtoto. Ukikitazama kutoka mlangoni usingewalaumu: fremu ya mbao yenye urefu wa mita moja, kuta mbili fupi pembeni, na upau umelala juu kutoka ukuta huu hadi ule. Mama mmoja alipita, akachungulia, akanipongeza. Alidhani mke wangu, aliyekuwa kwao, anarudi na mimba. Nilimjibu kwa ukali kwamba ile ni mashine ya kuchonga mbao, inaongozwa na kompyuta, na siku itakapokamilika itachonga herufi ambazo fundi yeyote mjini hawezi kuzichonga kwa mkono. Akasema sawa, Mungu asaidie, akaenda zake. Baadaye nilijuta, kwa sababu wiki ile hakuna mtu mwingine aliyefika kwangu.

Kazi yangu ni kutengeneza fotokopi na printa. Goma ni mji mzuri kwa kazi hiyo, kwani vumbi letu jeusi la mawe ya volkano linaingia kila mahali, na fotokopi hazilipendi. Fotokopi ikifa haifi yote. Ndani yake mnabaki fito za chuma zilizonyooka na kung'aa, na mota ndogo zinazozunguka hatua kwa hatua: ukiziambia zizunguke robo zinazunguka robo, na zinasimama hapo hapo. Mtu anayetaka kutengeneza mashine ya kuchonga anahitaji mota tatu za namna hiyo, zilizo sawasawa: moja ya kwenda kushoto na kulia, moja ya mbele na nyuma, moja ya juu na chini. Zangu nilizikusanya kwa miaka miwili. Ya tatu ilikuwa bado imefungwa ndani ya fotokopi kubwa ya ofisi fulani, iliyokuwa imekaa sebuleni kwetu muda mrefu kiasi kwamba mke wangu aliitandikia kitambaa na kuweka maua ya plastiki juu yake.

Mke wangu ni mtu wa Butembo. Alikuwa mvumilivu na hilo dude langu, alivyoliita, ingawa halikuwa hata limeanza kuwa dude. Jioni alinishikia ncha ya mita nilipopima mbao, huku binti yetu, aliyekuwa na miaka saba, akisoma namba kwa sauti. Alizisoma kwa Kifaransa cha shule, polepole, na mimi nikajifanya sizioni.

Ndipo mlima wa volkano ulio juu ya mji wetu ukatapika. Jumamosi jioni mbingu ikawa nyekundu, na moto uliteremka hadi kwenye nyumba za mwisho za mji, ukasimama. Tukashukuru Mungu. Lakini siku zilizofuata ardhi haikutulia. Ilitikisika wakati wa kula, wakati wa kuoga, wakati wa kusali, hadi ukuta wetu wa jikoni ukapata ufa wa kupitisha kidole. Siku ya tano, asubuhi, redio ikatangaza kwamba moto uko chini yetu na mitaa kumi ihame mara moja. Majengo ilikuwemo.

Tulitoka pamoja. Barabara ya kwenda Sake ilikuwa imejaa watu, magodoro, mbuzi, chukudu, yale magurudumu mawili ya mbao ya kusukuma, zilizobeba wazee. Tulikuwa hatujafika mbali nilipokumbuka mota. Mbili zilikuwa kwenye sanduku chini ya kitanda na ya tatu ndani ya fotokopi. Nilifikiri, na bado naona aibu kuandika kwamba nilifikiri hivyo, kwamba nyumba ikiungua nitajenga nyingine, lakini mota tatu zinazofanana sitazipata tena. Nikamwambia mke wangu sijafunga mlango vizuri. Nikasema, "Tangulieni, nakuja." Akaweka mzigo kichwani, akamshika mtoto mkono, wakaingia kwenye lile kundi la watu. Nilimwona mtoto akigeuka mara moja.

Skrubu moja ya ile fotokopi ilikuwa na kutu. Ilinichukua zaidi ya saa nzima. Nilikuwa peke yangu, katika mtaa ambao haukuwa na sauti hata ya kuku, nimepiga magoti mbele ya mashine mbovu na bisibisi mkononi, nikiitukana skrubu. Niliporudi barabarani umati ulikuwa mara tatu ya ule wa kwanza, na mtu hakuweza kumtafuta mtu.

Nilifika Sake kesho yake mchana. Niliwakuta katika darasa la shule, wamekaa juu ya mzigo wao. Mtoto alikuwa amepoteza kiatu kimoja kwenye msongamano, akatembea juu ya mawe hadi mguu ukachanika, na mama yake akambeba sehemu kubwa ya njia pamoja na mzigo. Mguu ulikuwa umefungwa kwa kipande cha kitenge. Mke wangu hakulia wala kunigombeza. Aliniuliza tu nimechelewa wapi. Nikamwambia nilikuwa namsaidia mama jirani kufunga nyumba yake na kubeba vitu. Uongo ulinitoka bila hata kikohozi. Mfuko wa mota nilikuwa nimeufunika kwa koti.

Huyo mama jirani inabidi nimweleze, maana atarudi. Ni mjane, wazazi wake walitoka Maniema, na marehemu mume wake alikuwa dereva wa malori. Anauza chai na mandazi mlangoni pake, mlango unaotazamana na wangu. Anaswali swala tano, na ana macho ya kuona kila kinachopita. Kumtumia mwanamke kama huyo katika uongo kulikuwa ujinga, lakini siku ile lilikuwa jina la karibu zaidi mdomoni.

Tulirudi nyumbani baada ya siku kadhaa. Nyumba ilikuwa imesimama. Ardhi ikaanza kutulia, na mke wangu naye akatulia, kwa namna ambayo sikuipenda. Alipika, alifua, alijibu akiulizwa. Jioni hakushika tena ncha ya mita, nami sikumwomba. Mwezi wa tatu baada ya kurudi, wakati hata watoto walikuwa wameacha kuzungumzia matetemeko, akasema anakwenda kwao Butembo kwa wiki mbili kumsaidia mama yake kuvuna maharage. Akaenda na mtoto. Wiki mbili zilipokwisha akanipigia simu, akasema mtoto ameanza masomo kule.

Kwetu kuna utaratibu wa jambo hilo, na kwao pia. Mke akikaa kwa wazazi wake kupita kiasi, mume hapigi simu. Anaondoka na mkubwa mmoja wa familia, anakwenda kwa wakwe na mbuzi, anakaa chini mbele ya baba mkwe na wajomba, wanamwuliza: mtoto wetu umemfanya nini? Anasema alichofanya. Hapo ndipo wanaanza kuzungumza kuhusu kumrudisha. Kila mtu anaujua utaratibu huo na mimi nilikuwa naujua. Ndiyo sababu kila aliyeniuliza mke wangu yuko wapi nilimjibu kwamba anaogopa mlima. Watu walitikisa vichwa kwa huruma. Kila familia Goma ina mtu wake aliyekataa kulala tena chini ya volkano. Na mlima ukiwa ndio mkosaji, hakuna wa kupeleka mbuzi. Niliona nimepata njia nzuri sana ya kukaa nyumbani.

Basi nikaanza kujenga mashine, peke yangu.

Nilikuwa nimemwona mtu kwenye simu akiijenga ya kwake katika chumba kilichojaa vyombo vilivyotundikwa ukutani kwa mpangilio. Mimi nilikuwa na msumeno, drili ya mkono, pembemraba, bisibisi mbili na nivo ya kupimia usawa ambayo kioo chake kilikuwa na ukungu. Nilinunua ubao mwekundu wa libuyu kwa ajili ya meza, mzito kiasi kwamba ilinibidi niuburute. Pembe za fremu nilizipima kwa uzi: kutoka kona hii hadi ile ya mkabala, kisha kona nyingine mbili, na uzi ukilingana unajua fremu haijalala upande. Kutoboa tundu lililonyooka bila mashine ya kusimama ni kazi ya roho. Nilitengeneza kwanza kigogo kidogo chenye tundu moja zuri, nikawa nakiweka juu ya kila sehemu ninayotaka kutoboa ili kiongoze drili. Kigogo hicho kilinichukua siku tatu na vigogo vinne vilivyoharibika.

Kilichonishinda zaidi kilikuwa mkono wa tatu. Ufundi hauonekani hivyo kwa mtazamaji, lakini nusu ya kazi ni mtu wa kushika upande wa pili. Nilikata mipira ya ndani ya tairi, nikafunga mbao kwayo. Nilipigilia msumari ukutani wa kushika ncha ya mita. Mara nyingi nilijisikia nikisema, "Shika hapo," na chumba hakikujibu. Siku moja nilisema kwa sauti kubwa hadi mama jirani akauliza kutoka ng'ambo kama nina mgeni. Nikamwambia ndiyo. Sijui kwa nini nilimwambia ndiyo.

Fito za fotokopi zikawa reli. Kwa kusogeza nilitumia vyuma virefu vyenye uzi wa skrubu, vile vinavyouzwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi: mota inazungusha chuma, nati inatembea juu yake, na nati inabeba mkono wa mashine. Kuunganisha mota na chuma, kwa kuwa sikuwa na kiungo cha dukani, nilichukua kipande cha mpira wa petroli ya pikipiki, upande mmoja nikauvalisha shina la mota, upande wa pili chuma, na kila upande nikaukaza kwa pete ya bati yenye skrubu ndogo. Kadi ya umeme ya kuziongoza mota niliagiza kwa mfanyabiashara anayekwenda Kampala. Kompyuta nilikuwa nayo, nzee, ya kuwaka ikipenda.

Kabla ya kufunga kisu, unaanza na kalamu. Unafunga Bic mahali pa kisu, unaweka karatasi, unaiambia mashine ichore duara. Siku ya kwanza mkono ulipojisogeza wenyewe, kalamu ikiteleza juu ya karatasi na mota zikiimba kwa sauti yao nyembamba, nilisimama nikiwa nimeshika kinywa. Niligeuka kumwonyesha mtu. Ndipo nikatazama tena karatasi, na duara halikuwa limefunga. Mwisho wa mstari ulipita pembeni ya mwanzo wake, kwa umbali wa ukucha.

Nikachora la pili. Lilifunga. La tatu, halikufunga. La nne, baya kuliko yote, na wakati likichorwa vikombe viligongana kabatini. Tetemeko dogo, la kawaida, ambalo mgeni angekimbia na sisi hatuinui hata kichwa. Lakini mimi nilipiga kofi mezani. Nimempata, nikasema. Ni mlima.

Kuanzia siku hiyo sikuwa na shaka tena. Nilifungua daftari, nikawa naandika saa ya kila duara lililoharibika, na pembeni nikaandika tetemeko: dogo, dogo sana, halikusikika. Hilo la "halikusikika" niliandika mara nyingi kuliko mengine. Niliweka mipira chini ya miguu ya meza. Nikaweka mifuko ya mchanga. Mwishowe nikavunja sakafu kwa patasi hadi kwenye mwamba wenyewe wa lava, nikasimamisha miguu ya meza juu ya mwamba na kuijengea kwa saruji. Kazi ya wiki nzima, mikono ikanitoka malengelenge. Niliamini mtu akisimama juu ya mgongo wa mlima wenyewe atatikisika pamoja nao na hatajua tofauti. Nilijiona nina akili sana.

Duara halikufunga.

Asubuhi moja nilitoka nje na karatasi mkononi, nimewaka. Mama jirani alikuwa ameketi mlangoni, mbele yake beseni pana la maji anayosuuzia vikombe. Nikamwuliza kama amelisikia hilo la sasa hivi. Akaniuliza lipi. Nikamwambia tetemeko, mama, hazijapita hata dakika mbili, tazama limefanya nini. Akaichukua karatasi, akaigeuza, akanirudishia. Kisha akanionyesha beseni kwa kidevu.

"Papa, kila siku unasemaka ni mulima," akasema. "Miye niko hapa na hii maji tangu asubui. Mulima ikicheza hata kidogo, maji inaonaka mbele yangu. Leo maji imelala tu. Na jana pia ililala."

Nilisema matetemeko mengine ni madogo, maji hayawezi kuyaona. Akasema sawa. Alikuwa na sauti ya mtu anayemwachia mtoto ashinde mchezo. Nikarudi ndani na hasira yangu, nikakaa mbele ya mashine, na kwa mara ya kwanza nikaifikiria kama ninavyofikiria fotokopi ya mteja. Mteja akiniletea fotokopi na kuniambia inaharibu karatasi kwa sababu ya volkano, ningecheka mbele yake.

Nikachukua kalamu, nikapiga mstari mdogo juu ya mpira wa petroli, ukipita kutoka kwenye mpira hadi kwenye chuma. Nikaiendesha mashine mbele na nyuma mara kumi. Nilipotazama, mstari ulikuwa umekatika: nusu ya kwenye mpira huku, nusu ya kwenye chuma kule. Chuma kilikuwa kinateleza ndani ya mpira kila mota ilipogeuza mwelekeo. Pete ile ya bati sikuwa nimeikaza hadi mwisho. Niliogopa itaukata mpira, nikaiacha, nikajiambia nitarudi kuimalizia.

Nikaikaza. Mizunguko miwili ya bisibisi. Duara likafunga. Nikachora ishirini, yote yakafunga, hadi huwezi kujua kalamu ilianzia wapi. Furaha yangu ilikaa kama dakika moja. Kisha nikalitazama lile daftari, kurasa na kurasa za saa na tarehe, mashtaka yangu yote dhidi ya mlima ambao haukunifanyia kitu, nikaona aibu hadi masikio yakawa ya moto. Hakukuwa na mtu wa kuniona na bado nilijifunika uso.

Nilimpigia mke wangu siku hiyo hiyo, mchana, wakati ambao mtoto yuko shuleni. Nilimwambia duara limefunga. Akasema vizuri. Nikamwambia miezi yote hii nilidhani ni mlima, kumbe ni pete niliyoshindwa kuikaza mwenyewe. Ningeweza kuishia hapo na kuuliza habari za maharage. Nilisikia jogoo upande wake.

"Siku ya Sake," nikasema, "sikukuwa kwa mama jirani. Nilirudia moteri."

"Najua," akasema. "Mama alipandaka boti ku bandari ya Kituku asubui sana ile siku, mbele siye tutoke. Alinieleza mwenyewe. Ilikuwa moteri ngapi?"

"Tatu."

"Siye tulikuwa wawili," akasema.

Hakusema kwa ukali. Alisema kama anayesoma kitu kilichoandikwa. Nililia. Nikamwambia arudi. Akaniambia njia ninaijua, na inaanzia kwa baba yake: niende, nikae mbele yao, niseme hayo hayo niliyoyasema kwenye simu, kwa maneno hayo hayo. Yeye hataki mbuzi mkubwa. Anataka nisikike. Nikamwambia nitakuja. Akaniuliza lini, nikasema karibuni.

Hapa ningependa kuandika kwamba nilipanda basi kesho yake. Mabasi ya Butembo yalikuwa yanaondoka kila asubuhi, na hata mjomba wangu aliyekubali kunisindikiza alikuwa ameshafua suruali yake nzuri. Lakini niliona siwezi kwenda kwa wakwe mikono mitupu, na kwa mikono mitupu sikumaanisha mbuzi. Nilitaka kubeba kitu kilichochongwa na mashine, ubao wenye jina la ukoo wao na maua pembeni, ili baba mkwe aone kwamba mkwewe hakumwacha binti yake kwa ajili ya takataka. Nilitaka kwanza waniheshimu, ndipo nikiri. Kwa hiyo nikafunga kisu, na kisu kikachana ubao. Nikapunguza mwendo. Kikaunguza ubao. Nikabadilisha kisu. Mjomba akapiga simu, nikamwambia wiki ijayo. Akapiga tena, nikamwambia bado kidogo. Herufi za mwisho zilitoka safi mwezi wa tatu baada ya simu ile, kingo zake laini kiasi cha kuzipitishia shavu. Nikaufunga ubao ndani ya shuka.

Wiki hiyo hiyo waasi waliteremka milimani, wakakata barabara ya kaskazini, ile ya kwenda Butembo.

Mwanzoni tulisema ni jambo la siku chache. Kisha likawa la miezi, kisha tukaacha kulihesabia muda. Mjomba alikufa bila kuivaa ile suruali. Mke wangu alipiga simu siku za mwanzo kuuliza kama niko salama, halafu ikawa ni mtoto anayepiga, kwa simu ya mama yake. Sauti yake ilikuwa inabadilika. Siku moja aliniambia namba ya nyumba yao mpya, akaisoma haraka haraka, na nikakumbuka kwamba sasa ana miaka kumi.

Mashine ilinilisha. Nilichonga mabango ya maduka, ya wasusi wa nywele, ya makanisa madogo yanayofunguliwa kila wiki. Watu walikuja kuitazama, wakasema huyu fundi ni hatari. Nilipenda kusikia hivyo kwa muda wa kusikia tu.

Kisha waasi wakaingia mjini kwenyewe. Siku zile za risasi nililala chini ya meza ya mashine, kwa kuwa ule ubao wa libuyu ndio ulikuwa mnene kuliko kitu kingine chochote ndani ya nyumba. Umeme ulikatika, maji yakakatika, simu zikanyamaza. Mabomu yalipoanguka karibu, vumbi la mbao lililokuwa juu yangu lilinimwagikia kichwani. Sikuwa na wa kumfunika. Nilifikiria hilo saa nyingi, kwamba mtu anayelala chini ya meza imara na hana wa kumfunika hajaokoa kitu. Mama jirani alinipigia kelele kutoka ng'ambo kila asubuhi kuuliza kama nipo, nami nikajibu nipo, na hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu ya siku.

Umeme uliporudi, kazi ya kwanza iliyoletwa ilikuwa misalaba. Nilichonga majina kwa wiki nyingi. Watu waliniandikia jina kwenye karatasi na kuniomba niangalie vizuri herufi, nami niliziangalia.

Baadaye kiongozi wa nyumba kumi alipita kuandika watu, mlango hadi mlango, kwa sababu wakubwa wapya walitaka kujua nani yuko na nani hayuko. Ni mzee mpole, tunajuana miaka mingi, na alisimama kando ya mashine akiandika juu ya ubao wa meza. Akaandika jina langu na kazi yangu. Akauliza mama wa hapa yuko wapi. Nikamwambia Butembo. Akatikisa kichwa kwa huruma ile ile niliyoizoea.

"Basi niandike vita imemufungia njia," akasema, na kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi.

"Papa, usiandike vita," nikasema. "Njia ilikuwa wazi miezi tatu. Alikuwa ananingojea kwa baba yake. Sikuenda."

Akaniangalia juu ya miwani. Alikuwa amepita nyumba nyingi siku hiyo, na katika nyingi vita ilikuwa jibu la kweli. Alitazama karatasi yake, akapitisha kidole kwenye mistari, hakuona mahali pa kuandika jambo kama hilo. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba kuna watu wanafika Butembo hata sasa, wanazungukia Uganda, ni siku tatu au nne.

"Najua," nikasema.

Kwenye nafasi ya idadi ya watu wa nyumba mzee akaandika moja, akaigeuza karatasi upande wangu, akanipa kalamu, nami nikatia sahihi.